Moto Makaburini: Jinsi Wafalme wa Kimaya Walivyoangushwa



Waandaaji wa mhadhara huu walipendekeza kwanza nizungumze juu ya kutoweka kwa Wamaya. Niliwaomba wanibadilishie mada, nao kwa uungwana wao wakakubali. Wamaya hawakutoweka. Wapo Guatemala, wapo kusini mwa Meksiko, wapo Belize na Honduras, kwa mamilioni. Wanalima mahindi, wanaendesha mabasi, wanagombea ubunge, na wanazungumza lugha zao karibu thelathini. Waliotoweka ni wafalme wao. Kuanzia miaka ya 760 hadi mwaka 909, katika nyanda za chini zenye misitu kati ya Chiapas na Honduras, nasaba zilikatika moja baada ya nyingine. Ikulu ziliachwa wazi, mafundi wakaweka patasi chini, na majina ya watawala yakakoma kuchongwa kwenye mawe.

Wengi wenu mnakumbuka Desemba 2012, ulipoenea uvumi kwamba kalenda ya Wamaya imetabiri mwisho wa dunia. Siku ilipita, watu wakaendelea na maandalizi ya Krismasi. Lakini uvumi ule ulituachia picha ambayo haijafutika: Wamaya kama watu wa miujiza, wakazi wa msituni waliojua nyota kuliko walivyojuana wao kwa wao. Picha hiyo inawanyima jambo moja la kibinadamu kabisa, nalo ni siasa. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya siasa zao. Nadai kwamba kilichoanguka katika karne ya 9 kilikuwa cheo, na kwamba cheo hicho hakikuporomoka chenyewe. Kuna watu waliokivunja, na mahali pengine walikivunja kwa utaratibu na kwa ibada.

Tuanze na cheo chenyewe. Hapakuwa na dola moja ya Kimaya. Katika karne ya 8 kulikuwa na makumi ya miji iliyojitawala, mikubwa na midogo, iliyooana, iliyolipana kodi na iliyopigana: Tikal, Calakmul, Palenque, Copán, Yaxchilán, Piedras Negras, Naranjo, Caracol. Upimaji kwa mionzi ya leza kutoka angani, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha majengo zaidi ya 60,000 chini ya miti ya kaskazini mwa Guatemala, na waliofanya kazi hiyo wanakadiria kwamba nyanda za kati zilikuwa na watu milioni 7 hadi 11. Kwa hiyo tusifikirie vijiji vichache vyenye mahekalu. Tufikirie nchi iliyojaa watu, iliyolimwa hadi kwenye mabonde ya matope, yenye watawala wengi waliobanana.

Mtawala wa kila mji mkubwa aliitwa k'uhul ajaw, bwana mtakatifu. Aliyedai kuwa juu ya mabwana wengine alijiita kaloomte'. Utakatifu huo ulikuwa na kazi zake. Mfalme alijitoboa mwili kwa mwiba wa samaki taa, damu ikadondoka juu ya karatasi za magome ya mti, karatasi zikachomwa, na ndani ya moshi ule wahenga na miungu wakaitwa. Alicheza ngoma akiwa amevaa sura ya miungu. Kila zilipotimia siku 7,200, kipindi kiitwacho k'atun ambacho ni pungufu kidogo ya miaka 20, alisimamisha jiwe refu lenye sura yake na tarehe, na kwa kufanya hivyo alihesabiwa kuwa ameusukuma wakati mbele. Sisi tumezoea kusema cheo ni dhamana. Dhamana ya mfalme wa Kimaya ilikuwa mvua, mahindi na mzunguko wa nyakati. Sijui mkataba mwingine wa kisiasa uliomwahidi raia mambo makubwa kiasi hicho na kumwachia mtawala uwezo mdogo kiasi hicho wa kuyatimiza.

Haya yote tunayajua kwa sababu maandishi yao yanasomeka, na kusomeka huko ni jambo la juzi tu. Katikati ya karne ya 20 msemaji mkuu wa fani hii alikuwa Mwingereza J. Eric S. Thompson, ambaye aliamini kwamba mawe yale yanazungumzia nyota na hesabu za siku, na kwamba Wamaya walikuwa watu wa amani walioongozwa na makuhani. Mwaka 1952 Yuri Knorozov, msomi wa Kisovieti aliyekuwa hajawahi kukanyaga ardhi ya Wamaya, alionyesha kwamba alama zao zinasomwa kwa silabi. Mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff aliyapanga mawe ya Piedras Negras kwa mafungu, akaona kwamba tarehe za kila fungu hazizidi umri wa mtu mmoja: hapa amezaliwa, hapa ametawazwa. Makuhani wa nyota wakageuka kuwa wafalme wenye majina, wake, mateka na maadui. Kichekesho ni kwamba Thompson huyohuyo, alipoulizwa nani aliumaliza ustaarabu ule, alijibu kwamba wakulima waliwaasi mabwana wao. Maandishi yalimshinda, lakini swali la nani aliasi alilishika mapema kuliko wengi.

Mahali pazuri zaidi pa kuliuliza swali hilo leo ni Ucanal, mashariki mwa Petén, Guatemala. Zamani mji huu uliitwa K'anwitznal, na kwa muda mrefu haukuwa mji wa kuogopwa. Majirani zake Naranjo na Caracol waliwahi kuutiisha, na mwishoni mwa karne ya 7 Naranjo ilijigamba kwenye jiwe kwamba imemteka mtawala wake. Ulikuwa na nasaba yake takatifu, piramidi zake na makaburi yake ya kifalme, lakini katika mizani ya wakubwa ulikuwa wa daraja la pili.

Ndani ya jengo moja la hekalu mjini humo, timu ya Christina Halperin na wenzake ilikuta kitu kilichotangazwa mwaka 2024 katika jarida la Antiquity. Katikati ya vifusi vya ujenzi, chini ya mawe ya jengo jipya, kulikuwa na masizi, makaa, na mifupa ya watu wazima wasiopungua wanne. Pamoja na mifupa palikuwa na mali ambayo mtu wa kawaida hakuzikwa nayo: vipande zaidi ya elfu moja vya mapambo ya mawe ya kijani, shanga za kombe za baharini, visu vya kioo cha volkano, na vipande vya barakoa ya aina waliyofunikwa wafalme usoni walipozikwa. Vingi vilikuwa vimepasuka kwa joto lililozidi nyuzi 800. Moto huo haukuwashwa pale vilipokutwa. Ulitangulia mahali pengine, kisha mabaki yakazolewa na kumwagwa kwenye kifusi, bila sanduku, bila kuta za kaburi, na mawe mazito ya ujenzi yakarundikwa juu yake. Kipimo cha kaboni kinauweka moto huo kati ya miaka 773 na 881.

Fikirini kazi iliyofanyika. Kuna mtu aliyejua kaburi liko wapi. Kuna waliobomoa sakafu ya lipu ya chokaa, wakashuka, wakatoa mifupa ya watu waliokwishakufa. Kuna waliokusanya kuni za kutosha, maana joto la nyuzi 800 haliji kwa moto wa kupikia. Na kuna waliosimama wakatazama, kwa sababu moto wa namna hiyo hauwashwi kwa siri. Lakini linalonivutia zaidi ni kile ambacho wauaji wa kumbukumbu hawa hawakufanya: hawakuiba. Jade ilikuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote katika nchi hiyo, na wao waliitupa motoni pamoja na mwenyewe.

Sasa, moto makaburini halikuwa jambo geni kwa Wamaya. Maandishi yanasimulia mara nyingi jinsi mfalme alivyoingiza moto katika kaburi la babu yake, akalifungua, akafukiza, pengine akatoa mfupa, akalifunga tena. Ilikuwa heshima kwa marehemu, na ilikuwa njia ya mfalme aliye hai kutangaza kwamba damu yake inatokana na wale. Kwa hiyo waliofanya hivyo Ucanal hawakubuni ibada mpya. Waliichukua ibada ya wafalme na kuigeuza dhidi yao: moto uleule, kaburi lilelile, ila safari hii haukuachwa mfupa wa kurudishwa. Raia wote waliokuwa wakitazama walielewa kilichosemwa, kwa kuwa walikuwa wameifahamu lugha hiyo maisha yao yote.

Mtawala wa Ucanal anayehusishwa na kipindi hicho anaitwa Papmalil. Jina lake halifanani na majina ya wafalme waliomtangulia, na wengine wanalitumia jina hilo kudai kwamba alitoka magharibi, upande wa Ghuba ya Meksiko. Jambo lililo wazi zaidi ni vyeo vyake. Katika maandishi yanayomtaja, hajiiti bwana mtakatifu wa K'anwitznal. Anajiita kaloomte' wa magharibi. Yaani amekichukua cheo cha juu cha mamlaka na kukiacha kile cha damu takatifu ya mji. Huko Caracol, adui wa zamani, kuna jiwe la mwaka 820 ambapo Papmalil na mtawala wa Caracol, K'inich Toobil Yopaat, wameonyeshwa pamoja wakikabiliana kama watu wanaozungumza. Kwa karne mbili wachongaji wa Kimaya walipochonga watawala wawili wa miji tofauti, mara nyingi mmoja alikuwa amesimama juu ya mgongo wa mwenzake aliyefungwa kamba.

Na Ucanal, baada ya moto, haukufa. Ulijenga. Mahekalu yalipanuliwa, uwanja wa mpira ukashughulikiwa, na ushawishi wake ukafika mbali. Mwaka 829 mtu aliyetoka Ucanal, Wat'ul K'atel, alikwenda kushika kiti cha Ceibal, mji wa kando ya mto Pasión uliokuwa umedorora, na mwaka 849 akasimamisha mawe matano kulizunguka jengo moja kuadhimisha mwisho wa k'atun. Kwenye jiwe mojawapo anaonekana na masharubu na sura ambayo wachongaji wa zamani wasingeichonga, na maandishi yanasema walihudhuria mabwana wa Tikal, Calakmul na Motul de San José. Tikal na Calakmul, mataifa makubwa ya karne zilizopita, yamekuwa wageni waalikwa katika sherehe ya mji uliokuwa ukiyaheshimu. Nakubali kwamba Wat'ul K'atel bado alitumia vyeo vya zamani, na hilo linapunguza makali ya hoja yangu. Cheo hakikuzikwa siku moja. Lakini tayari kilikuwa kinavaliwa na watu ambao babu zao hawakulala chini ya piramidi za hapo.

Ucanal ni mfano wa kilichofanyika kwa mpango. Kusini-magharibi zaidi, katika eneo la ziwa Petexbatún, mambo yalikwenda kwa hofu na haraka, na yalianza mapema, kabla hata karne ya 9 haijafika.

Dos Pilas ulikuwa mji wa ugomvi wa kifamilia tangu kuzaliwa. Mwanzilishi wake, Bajlaj Chan K'awiil, alikuwa mtoto wa nasaba ya Tikal aliyeshindwa na Calakmul katikati ya karne ya 7, akajisalimisha kwake, kisha akatumiwa dhidi ya ndugu zake wa damu. Mwaka 679 aliwashinda Tikal, na ngazi za mawe za mji wake zinasimulia ushindi huo kwa damu iliyotuama na mafuvu yaliyorundikwa. Baada ya vizazi vitatu utawala huo wa mateka na kodi uliwarudia wenyewe. Mwaka 761 majirani walioongozwa na Tamarindito, mji mdogo waliokuwa wameukalia, walimfukuza mfalme wa Dos Pilas, na hajulikani tena alikokwenda.

Waliobaki walijaribu kujilinda. Wakati Arthur Demarest na wenzake walipochimba huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifuatilia misingi ya kuta mbili zilizojengwa kwa pupa, juu yake ukiwa ua wa magogo. Kuta hizo zinakatiza katikati ya uwanja wa sherehe. Zinapanda juu ya ngazi zile za ushindi. Mawe yake yamebanduliwa kutoka kwenye ikulu na kwenye hekalu la kaburi la mfalme. Ndani ya ua, pale ambapo zamani mabalozi walisimama na manyoya ya ketzali, familia zilijenga vibanda vyao. Nimeona michoro ya kuta hizo mara nyingi, na kila mara najiuliza ni nani aliyetoa ruhusa ya kubandua jiwe la kwanza la kaburi la kifalme. Labda hapakuwa na wa kuombwa ruhusa. Familia yenye watoto na adui mlangoni iliona kwamba jiwe la mfalme marehemu linafaa zaidi likiwa ukutani, na katika uamuzi huo mdogo nasaba ilikuwa imeshakwisha, hata kama pangekuwa na mrithi.

Familia ya kifalme ilihamia Aguateca, mji mwenza juu ya genge lenye ufa mrefu wa mwamba, mahali palipofaa kwa ulinzi. Huko nako, karibu mwaka 810, adui aliingia. Takeshi Inomata alikuta nyumba za wakuu wa Aguateca zikiwa zimeungua na vyombo vyake ndani: vyungu, mawe ya kusagia mahindi, vifaa vya mwandishi, vioo vya madini vinavyong'aa. Wenyewe walikimbia wakaacha kila kitu. Ikulu ilikuwa tofauti, karibu tupu, kwa maana mfalme na jamaa zake waliondoka kabla wakiwa na muda wa kufunga mizigo. Kisha washindi wakaja wakaivunja ikulu hiyo kwa makusudi, wakitawanya vitu vilivyovunjwa ndani na mbele yake. Hawakukaa. Hawakutaka mji, walitaka kiti hicho kisikaliwe tena.

Cancuén, juu zaidi kwenye mto Pasión, ulikuwa mji wa biashara ya jade wenye ikulu kubwa kupita kiasi. Mwaka 2005 timu ya Demarest ilitangaza kwamba katika kisima cha sherehe kando ya ikulu ilikuta mabaki ya watu 31, wanaume, wanawake na watoto, waliouawa karibu mwaka 800 na kutupwa majini wakiwa na mapambo yao ya daraja la juu. Mfalme Kan Maax na mkewe walifukiwa karibu na hapo katika kaburi la kina kifupi. Na hapa pia mapambo hayakuporwa.

Piedras Negras nitaupita haraka: mwaka 808 mfalme wake alitekwa na Yaxchilán, kiti chake cha enzi chenye nakshi kikavunjwavunjwa, na Yaxchilán yenyewe iliyojitapa kwa ushindi huo haikuandika tena baada ya mwaka huohuo.

Copán unahitaji muda zaidi, kwa kuwa huko hatuoni adui akivunja mlango. Huko cheo kilichakaa mbele ya macho ya wenye mji. Nasaba ilianzishwa mwaka 426 na K'inich Yax K'uk' Mo'. Mfalme wa 13, Waxaklajuun Ubaah K'awiil, aliyeujaza uwanja mkuu kwa sanamu zake za kupendeza, alikamatwa mwaka 738 na mtu aliyekuwa chini yake, bwana wa mji mdogo wa Quiriguá, akakatwa kichwa. Jaribu kuwaza siku ile ilivyopokewa Copán: mtu anayeusukuma wakati mbele ameuawa na mlipa kodi wake, na jua limechomoza asubuhi yake kama kawaida.

Waliomfuata walijibu kwa njia mbili zinazopingana. Kwanza ni ule ujenzi unaodhaniwa na wengi kuwa jumba la baraza, wa mwaka 746, uliopambwa kwa michoro ya mkeka, alama ya utawala na ya kikao kwa Wamaya. Kuta zake zina watu wanaoelekea kuwa wawakilishi wa sehemu mbalimbali za bonde. Mfalme alikuwa ameanza kukaa na wengine. Pili ni ngazi ndefu yenye alama zaidi ya 2,000, maandishi marefu kuliko yote yaliyoachwa na Wamaya, ambayo kazi yake yote ni kusimulia utukufu wa nasaba. Serikali inayojiamini haihitaji ngazi ya namna hiyo.

Mfalme wa 16, Yax Pasaj Chan Yopaat, alitawazwa mwaka 763. Mwaka 776 alitengeneza jiwe maarufu la pande nne ambapo wafalme wote 16 wameketi mzunguko, wanne kila upande, na mwanzilishi anampa yeye fimbo ya mamlaka moja kwa moja, kana kwamba miaka 350 ya katikati haipo. Karibu na jiwe hilo walizikwa jagwa na paka wakubwa wengine wapatao 15, kila mmoja kwa ajili ya babu mmoja. Lakini tembea kidogo kutoka hapo hadi makazi ya wakuu upande wa mashariki, uingie nyumba ya mwandishi mmoja aliyeitwa Mak'an Chanal. Utakuta benchi la mawe lenye nakshi na maandishi kamili, la mwaka 781, lisilotofautiana sana na kiti cha enzi. Zamani kuchonga kwa namna hiyo kulikuwa haki ya ikulu peke yake. Wakuu wa Copán walikuwa wameanza kuketi kama wafalme, na mfalme, kwa kuwahitaji, alihudhuria na kubariki.

Jaribio la mwisho ni la mwaka 822. Mtu aitwaye Ukit Took' alitaka kutengeneza jiwe lake kwa kuiga lile la Yax Pasaj. Upande mmoja umechongwa: yeye ameketi akitazamana na mtangulizi wake. Upande wa pili mchongaji alianza mistari michache akaacha. Pande mbili zilizobaki hazikuguswa kabisa. Hapakuwa na vita ya kumzuia fundi yule kwa tunavyoona. Labda aliyemlipa hakuwa na cha kulipa, na wakuu waliokuwa na mabenchi yao nyumbani hawakuona haja ya kuchangia. Watu waliendelea kuishi katika bonde lile kwa vizazi baada ya hapo, bila mfalme. Kaburi linaloaminiwa kuwa la Yax Pasaj lilifunguliwa na kuporwa zamani hizohizo.

Naomba sasa nirudi kwa wakulima wa Thompson. Sioni ushahidi wa majembe na mapanga yakivamia ikulu. Waliofungua makaburi ya Ucanal walijua ibada, waliovunja Aguateca walikuwa askari wa mtu fulani, na waliomkausha mfalme wa Copán walikuwa wakuu wenzake. Silaha ya mkulima ilikuwa miguu. Nyumba za kawaida pembezoni mwa miji hiyo zinaachwa, moja baada ya nyingine, na kila familia iliyohama iliondoka na mikono iliyobeba mawe, iliyochoma chokaa na iliyolisha ikulu. Mwishowe Tikal, uliokuwa na watawala zaidi ya 30 tangu karne ya 1, ulisimamisha jiwe lake la mwisho mwaka 869, na Toniná huko Chiapas ukaandika tarehe ya mwisho kabisa ya hesabu ndefu, ile kalenda yao ya kuhesabu siku, mwaka 909.

Najua kuna swali linalowawasha. Na ukame je? Nimeuchelewesha kwa makusudi, kwa kuwa ukitajwa kwanza hunyamazisha mengine yote. Ukame ulikuwepo. Tope la ziwa Chichancanab huko Yucatán lilionyesha hivyo tangu mwaka 1995, na uchambuzi wa mwaka 2018 wa ziwa hilohilo ulikadiria kwamba mvua ya mwaka ilipungua kwa kati ya asilimia 41 na 54. Mwaka 2025 watafiti waliopima mwamba unaojengwa na matone pangoni, kaskazini mwa Yucatán, walihesabu vipindi vinane vya ukame wa masika kati ya 871 na 1021, kila kimoja cha miaka isiyopungua mitatu. Mrefu kuliko yote ulidumu miaka 13, kuanzia 929. Ongeza maji machafu: mabwawa yaliyo karibu na ikulu na mahekalu ya Tikal yalikuwa na zebaki, iliyotoka kwenye rangi nyekundu ya kifalme iliyooshwa na mvua, hivyo pambo la mfalme likaingia kwenye maji yake ya kunywa.

Lakini tazameni tarehe. Mfalme wa Dos Pilas alikimbia mwaka 761, kabla ya hiyo miaka mibaya. Cancuén na Aguateca zilikwisha kufikia 810. Ukame wa miaka 13 ulipoanza, Toniná ulikuwa umenyamaza miaka 20. Na katika miaka hiyohiyo ya kiu, kaskazini ambako hakuna mito na mvua ni kidogo kuliko kusini, Chichén Itzá ulikuwa unachonga tarehe zake nyingi kati ya miaka ya 860 na 890 na kuwa mji mkubwa kuliko yote. Ukame ungewaangusha wote kwa mpigo au ungeanza na waliokuwa wakavu zaidi. Ulichofanya, kwa maoni yangu, ni kuufichua uongo wa mkataba. Mtawala aliyejiwekea dhamana ya mvua alikosa udhuru. Mtawala wa aina ya Papmalil, ambaye hakuwa ameahidi mvua bali ushirika, biashara na ushindi, alikuwa na nafasi ya kupumua.

Kaskazini ndiko siasa mpya zilikojengwa, na zisidhaniwe kuwa za upole. Baada ya Chichén Itzá ulikuja Mayapán, mji wenye ukuta ambamo, kwa mujibu wa kumbukumbu za Yucatán, wakuu wa koo mbalimbali walikaa na kutawala kwa pamoja, ukoo wa Cocom ukiwa mbele yao. Katika k'atun iliyoanza mwaka 1441 ukoo wa Xiu uliwageuka. Diego de Landa, mtawa na baadaye askofu, aliyeandika habari za Yucatán baada ya kuchoma vitabu vya Wamaya huko Maní mwaka 1562, anasema waliwaua watoto wote wa Cocom isipokuwa mmoja aliyekuwa safarini kwa biashara huko Ulúa, Honduras. Mji ukaachwa. Yule mfanyabiashara alirudi akakusanya jamaa waliobaki, wakakaa Sotuta. Xiu wakakaa Maní. Mwaka 1536 ukame ulibana, na wakuu wa Xiu wakaomba njia kupita nchi ya Cocom ili watoe kafara kwenye kisima kitakatifu cha Chichén Itzá. Nachi Cocom aliwakaribisha Otzmal, akawalisha na kuwanywesha, kisha akawaua. Karibu karne moja ilikuwa imepita.

Wahispania walipofika kwa nguvu, Xiu wakawaunga mkono dhidi ya Cocom. Baadaye ukoo huo ulichora mti wa nasaba yake, babu mkuu akiwa amelala chini na shina likiota kutoka mwilini mwake, na ukaendelea kwa vizazi kupeleka hati zake kwa watawala wa kikoloni. Walichoomba katika hati hizo ni kutambuliwa kuwa watu wa daraja, wasitozwe kodi wala kufanyishwa kazi za sulubu kama wakulima wengine wa Kimaya. Hawakuomba kiti cha mfalme mtakatifu.